Kufunga, 30,000

Karatasi bado ninayo. Ni mgongo wa risiti, imekunjwa mara nne, na kalamu ya bluu iliyoiandika ilikuwa inakaribia kuisha, kwa hiyo mistari ya juu imekolea na ya chini imefifia. Fundi wa Kariakoo aliiandikia juu ya goti kwa sababu meza yake ilikuwa imejaa laptopu za watu. Inasomeka hivi kutoka juu kwenda chini: pro 5600G, bodi, ram 8 mara 2, SSD 500, pawa, kesi, kufunga. Kila neno lina bei yake upande wa kulia. Mbele ya neno la mwisho pameandikwa 30,000, imekatwa kwa mstari mmoja, na pembeni yake 20,000. Mkono uliokata ni wake, ila ni mimi niliyemfanya akate.

Nataka kuisoma karatasi hii kama tunavyosoma matini nyingine. Sisi tuliopitia shule za Tanzania tulifundishwa kuhakiki kwa kupasua kazi vipande viwili, fani huku na maudhui kule, na nimetumia miaka kadhaa ya chuo nikijaribu kuiacha tabia hiyo. Lakini kwa matini ya mistari saba hata fani peke yake inasema jambo. Mistari sita ya kwanza ni majina ya vitu. Wa saba ni kitenzi. Mwanasarufi atanisahihisha kwamba "kufunga" hapo ni kitenzi-jina cha ngeli ya KU, na atakuwa sahihi, lakini hata kikiwa jina bado ndani yake kuna mtu mwenye bisibisi. Ni mstari pekee wenye mtu, na ndio pekee niliouomba upungue. Bei ya prosesa sikuigusa. Niliamini bei ya prosesa imetoka mahali fulani, dukani, Dubai, kiwandani. Ya kufunga niliona imetoka kichwani mwake.

Kilichonipeleka pale ni saa 64 za sauti. Nilikuwa nimerekodi nyimbo za kazi za wavuvi Bagamoyo na Pangani kwa ajili ya tasnifu, upepo mwingi, injini za boti, watoto, kuku, na laptopu yangu ilikuwa inajizima kwa joto kila nikifungua rekodi mbili kwa pamoja. Wenzangu wawili walinishauri nichukue mashine ya mezani, tena nisinunue iliyokamilika. Nichague kila kipande, nipate ninachohitaji na nisilipie nisichohitaji. Kichwani mwangu neno "nichague" lilivuma kuliko mengine yote.

Basi nilipotoka Kariakoo na ile karatasi sikurudi. Nilikaa wiki mbili nikitazama video.

Ukitazama nyingi mfululizo unaanza kuziona kama utanzu, zenye kanuni zake kama zilivyo ngano. Kuna meza safi. Kuna mikono, mara nyingi bila uso. Kuna maboksi yanayofunguliwa moja moja, na sauti inayotaja jina la kila kipande kama mshenga anayetaja ukoo. Katikati kuna hofu moja ya lazima, pale prosesa inapolazwa kwenye soketi, kwa kuwa pini zake ni nyembamba kama nywele na ikipinda moja hasara ni yako. Kisha muda unakimbizwa, nyaya zinapangwa kwa sekunde tatu, na mwisho ni mwanga: swichi inabonyezwa, feni zinawaka rangi, muziki unapanda. Hadithi inaishia pale ambapo maisha ya mashine yanaanza. Karibu hakuna inayoonyesha giza baada ya swichi, na katika zote nilizotazama hakuna iliyouliza kama tundu la umeme la chumbani kwako lina waya wa ethi.

Uhakiki wa utanzu huu upo, na ni mkali. Mfano unaojulikana zaidi ni wa Septemba 2018, wakati tovuti ya The Verge ya Marekani ilipotoa video ya kufundisha namna ya kukusanya kompyuta ya michezo. Watazamaji wazoefu waliikamata kwa makosa kadhaa, maarufu kuliko yote likiwa ile pesti ya kupitisha joto, ambayo ilipakwa kwa wingi usiohitajika juu ya prosesa. Zikafuata video za kujibu video: mtu anasimamisha picha, anaonyesha kosa, anaeleza, anacheka, anaendelea. Video ya kwanza ikaondolewa. Februari 2019 Vox Media, kampuni yenye The Verge, ikaomba video mbili za majibu ziondolewe YouTube kwa madai ya hakimiliki, kelele zikawa kubwa, na zikarudishwa.

Nimezitazama baadhi ya zile za majibu kwa wivu wa kitaaluma. Nani kwetu anasoma riwaya kwa ukaribu ule? Wale vijana walifanya usomaji wa neno kwa neno ambao maprofesa wetu wanauomba kila muhula. Lakini wameishia palepale tunapoishia sisi tukishika fani peke yake. Swali lao ni moja, mkono umekosea au haukukosea, kana kwamba kuna ibada na kuna kuiharibu ibada. Mashine ile ilikuwa ya nani na atafanyia nini hakuna aliyeuliza, na pengine hapakuwa na jibu: ilikuwa mashine ya kuonyeshwa. Matokeo yake ni kwamba anayejifunza kutoka kwao, kama mimi, anajifunza kuogopa pesti. Nilipaka pesti yangu kwa kipimo cha punje ya njegere, sawasawa kabisa. Kosa langu lilikuwa mahali pengine, na lilikuwa la kusoma.

Kabla ya kosa hilo, kuna suala la kitenzi. Wenye video wanasema kwa Kiingereza kwamba wameijenga kompyuta, na vijana wa Dar wanaowafuata wanasema wame-bildi. Anayetaka Kiswahili safi ataandika kuunda, nami niliwahi kuandika hivyo: nilituma ujumbe kwa kaka yangu kwamba naunda kompyuta yangu mwenyewe. Kuunda ni neno zuri, na katika uwanja huu lina haki ya kipekee, maana istilahi yetu ya mwili wa kompyuta, vile vitu vinavyoshikika, ni maunzi, iliyotoka kwenye kitenzi hichohicho. Unda, mwunzi, kiunzi, maunzi. Ni ukoo wa pwani, wa watu wa majahazi.

Wavuvi niliowarekodi wanalitumia neno hili bila kulipamba. Chombo kinaundwa. Niliwahi kukaa nusu siku pembeni ya mashua iliyokuwa inaundwa ufukweni, hakuna mchoro wa karatasi, mkuku umekwisha kulazwa, na mzee anageuzageuza magogo yaliyopinda akitafuta mataruma. Gogo lililo mbele yake bado si taruma. Yeye ndiye anayeuona mkunjo ndani ya mti, akaukata ufuate ubavu wa chombo, na akikosea jicho, mti ule unakuwa kuni. Baadaye watakuja wa kukalafati na pamba zao. Huko ndiko kuunda. Mimi mezani kwangu sikukata kitu. Kila kipande kilifika kikiwa kimeshakuwa hicho kilicho, ndani ya boksi lake, na kazi yangu ilikuwa kukitia katika tundu lililoachwa kwa ajili yake tangu kiwandani.

Fundi hasemi kuunda. Anasema kufunga, kama anavyofunga feni ya dari, king'amuzi, kamera za ulinzi, au sola juu ya bati. Mwanzoni neno hili lilinichosha, nikaliona la kibiashara, lisilo na ndoto. Sasa naliona kuwa sahihi kuliko yote mawili, kujenga na kuunda. Linasema kazi iliyopo: kuna vitu vilivyotengenezwa na wengine, kuna mahali pa kuvikutanisha, na kuna kukaza. Tena ni kitenzi kinachopokea kauli ya kutendea bila tabu. Mtu wa Kariakoo anasema nifungie, na kwa silabi moja tu ya ziada wawili wanakuwa ndani ya sentensi. Mwenye video anasema nimejijengea, akabaki peke yake na meza yake safi.

Utanisamehe nikiongeza kwamba maneno yetu ya kompyuta yamekuja kwa milango miwili isiyosalimiana. Mlango mmoja ni wa wataalamu, ule uliotupa tarakilishi, kipanya, baobonye, kicharazio. Mwaka 2004 mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili, kazi ya heshima ambayo wanafunzi wengi wa Kiswahili ninaokutana nao hawajawahi kuisikia. Lakini hayo yalikuwa maneno ya kwenye kioo, ya mtu aliyekwisha kaa mbele ya mashine inayowaka. Benchi la fundi lilijitafutia ya kwake: mazabodi, pawa, kesi. Hiyo ya mwisho ingemshtua mwanasheria, na mimi nilipomwambia mama kwamba kesi yangu imefika Kariakoo alinyamaza kidogo kabla ya kuuliza nimefanya nini.

Sasa kosa. Kwenye karatasi ya fundi mstari wa kwanza ni "pro 5600G". Baada ya wiki mbili za video nilijua 5600 ni nini: prosesa ya AMD, Ryzen 5, viini sita. Herufi G niliichukulia kuwa ni ya geming. Mimi sichezi michezo. Nikaona fundi amenipangia kitu cha vijana wa michezo ili bei ipande, na nilipolinganisha nikakuta wapimaji wengi wanasema 5600 isiyo na G ina kasi zaidi kuliko yenye G. Hilo ni kweli hadi leo, kumbukumbu yake ya ndani ni megabaiti 32 dhidi ya 16. Nikafanya kile wahariri wa miswada wanachokiogopa kuliko kosa la mwandishi: nikasahihisha matini iliyokuwa sahihi. Nikafuta G. Nikafuta na mstari wa mwisho kabisa, ule wa kufunga, kwa kuwa sasa nilijua kufunga.

Niliviokota vipande kwenye maduka manne, nikavifungua juu ya kitanda chenye shuka lililonyooshwa, nikafuata video hatua kwa hatua kwa saa tano. Nilipobonyeza swichi feni zilizunguka. Nilisikia furaha halisi, siikani. Kioo kikabaki cheusi, na maandishi madogo yakipita kusema hakuna mawimbi. Nikazima, nikachomoa, nikachomeka upya. Nikatoa kumbukumbu moja, nikaacha moja, nikabadilishana. Saa nane usiku nilikuwa nimelala sakafuni nikitazama mashine inayovuma vizuri isiyoonyesha kitu, na ubavuni mwa kesi, nikigusa chuma, vidole vilikuwa vinatekenywa na umeme mdogo.

Asubuhi nilirudi kwenye duka lililoniuzia prosesa. Siku ya kununua muuzaji aliniita bosi. Siku hiyo nilikuwa dada. Alinionyesha mstari ulio chini ya risiti, kwamba mali ikishauzwa hairudishwi, na kwa kweli prosesa ilikuwa nzima, haina ubaya wowote. Nilikuwa nimeibeba mashine nzima kwenye bodaboda, nimeipakata kama mtoto mgonjwa, na hapakubaki pa kwenda ila kule nilikokataa kulipa elfu thelathini.

Fundi alinikumbuka. Hakuniuliza nilikuwa wapi. Alifungua ubavu wa kesi, akainama kidogo, akauliza nimeweka pro gani. Nikamtajia.

"Hii haina G, dada."

Nikamwambia sichezi gemu. Akacheka bila kunidharau, akaeleza kwa maneno machache kuliko video yoyote. G ni ya picha. Prosesa yenye G imebeba ndani yake kitu cha kutoa picha kwenye kioo, isiyo na G ya kizazi hiki inataka kadi ya picha pembeni. Kwa Intel mambo yamegeuzwa, akasema, kule herufi inapunguza: ukiona F, ujue picha imeondolewa. Kwa prosesa za kizazi hiki, kampuni moja inaandika kilichomo, nyingine inaandika kilichotolewa, na mnunuzi aliyezoea ya kwanza anaingia kwenye ya pili kwa kujiamini. Nimesoma nadharia za alama na viashiria kwa mihula miwili na sijawahi kupewa mfano mzuri kama huo.

Kisha akauliza swali ambalo, nilipolikumbuka baadaye, alikuwa ameniuliza hata siku ile ya kwanza, kabla hajaandika chochote: "Unafanyia nini hasa?" Siku ile nilijibu sauti, na jibu langu likawa karatasi. Mistari yote saba ilikuwa inajibu neno moja, sauti. Kwa sauti huhitaji kadi kubwa ya picha, unahitaji kioo kiwake tu, kwa hiyo G. Kwa sauti unahitaji kumbukumbu ya kutosha, kwa hiyo nane mara mbili. Na kwa mtu wa chumba cha kupanga, aliniambia sasa, chenji iliyobaki ingenunua UPS, maana umeme ukikatika mashine ya mezani haina betri ya kujitetea kama laptopu. Mimi nilikuwa nimeisoma karatasi kama orodha ya bei. Kumbe ilikuwa tafsiri, na matini asilia ilikuwa mimi.

Nisimpambe. Karatasi yake ina mapengo, na mhakiki anayasoma mapengo pia. Neno "pawa" halina jina la kampuni wala idadi ya wati, na pawa mbovu ndiyo inayoweza kuua vingine vyote. Pawa aliyokuwa amekusudia kunipa, nilikuja kujua, ilikuwa imetolewa kwenye mashine ya ofisi kutoka Ulaya. Hakuna mstari wa Windows, ingawa mashine zinatoka kwake zikiwa na Windows, na hakuna anayeulizwa kuhusu leseni. Hakuna mstari wa dhamana. Ile tovuti ya PCPartPicker, inayotumika tangu 2011, ingenionya papo hapo kwamba mashine niliyoichagua haina cha kutoa picha, na kama ningeijaza kwa uaminifu nisingelala sakafuni. Lakini nayo ina pengo lake: mistari yake yote ni ya vitu. Kazi ya mikono haina bei mle, kwa sababu imechukuliwa kuwa mikono ni yako na muda wako ni burudani. Orodha mbili, kila moja imeficha kitu, na iliyomficha mtu ndiyo iliyonivutia.

Wala isidhaniwe kwamba vipande kuingiana ni jambo la asili. Tarehe 12 Agosti 1981 IBM ilitoa kompyuta binafsi iliyokusanywa kwa haraka kutoka vipande vya wengine, prosesa ya Intel, mfumo wa Microsoft, na ikachapisha maelezo ya kiufundi ya kutosha kwa wengine kutengeneza kadi za kuchomeka. Mwaka uliofuata Compaq ilitangaza mashine iliyoendesha programu zilezile. Tangu hapo mlango haukufungika tena. Mwaka 1995 Intel ikaweka vipimo vya ATX, vinavyosema tundu za skrubu za bodi zikae wapi na pawa iwe na umbo gani, na ndiyo maana kesi iliyotoka China ilipokea bodi yangu bila kujuana. Kwetu mlango ulikuwa na historia nyingine. Kompyuta ya kwanza ya serikali iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Wakati wenye karakana za Marekani walipokuwa wanalehemu mashine za kwanza za nyumbani, hapa kitu chenyewe kilikuwa marufuku. Nikiwasikia watu wakisema Watanzania hawana utamaduni wa kujifungia kompyuta, nakumbuka mwaka huo.

Fundi alipofuta pesti ili akague prosesa, niliomba kuisoma. Juu ya bamba lake, kwa herufi ndogo za Kiingereza, imeandikwa kwamba sehemu imetengenezwa Marekani, sehemu Taiwan, na kukamilishwa China. Chini ya bamba moja kuna vipande viwili vya silikoni, kimoja cha TSMC na kingine cha GlobalFoundries, vilivyokutanishwa kwenye kiwanda cha tatu. Hata kile nilichokiita kipande kimoja, nilichokichagua mimi, kilikuwa kimefungwa na watu kabla yangu. Orodha ya nchi kwenye bamba inaishia kwenye viwanda. Haishuki hadi migodini. Tantali, inayotandazwa kama utando mwembamba kuzuia shaba isipenye kwenye silikoni na inayojaza kapasita ndogo za vifaa vingi, hutoka kwa kiasi kikubwa mashariki mwa Kongo. Mji wa Rubaya huko Masisi, ambao waasi wa M23 waliuteka mwaka 2024, ni miongoni mwa machimbo makubwa. Watu wanaochimba pale wanaongea Kiswahili. Siwezi kunyoosha kidole kwenye mashine yangu nikasema punje hii ni ya Rubaya, na huo ndio ugumu wa kusoma bamba lenye nchi tatu tu. Kwenye video hakuna boksi linalofunguliwa kwa ajili yao. Kwenye karatasi ya Kariakoo pia hakuna, ingawa nilipokuwa naisoma nilikuwa hatua chache kutoka Mtaa wa Kongo.

Alichofanya fundi ni hiki. Alitoa kwenye droo kadi ya picha kuukuu, GT 710, akaichomeka, kioo kikawaka kabla sijamaliza kukaa. Kadi aliniuzia laki moja, na kwa bei hiyo peke yake ile G ningeipata na chenji ikabaki. Kisha akatoa kila kitu nilichokifunga. Skrubu moja nilikuwa nimeiacha chini ya bodi, ikiwa inasubiri siku ya kuunguza. Waya wa feni ya mbele ulikuwa unagusa mapanga ya feni. Pesti akaisifu. Akaniuliza kama tundu la ukutani kwangu lina ethi, nikamwambia kesi inatekenya, akasema basi halina, nimwite fundi umeme kabla sijaendelea. Alifunga upya kwa dakika arobaini huku akipokea simu mbili na kumwelekeza kijana wake bei ya chaja.

Nilipouliza ni kiasi gani alitaja elfu ishirini. Bei yangu, ile ya karatasi. Nilimpa thelathini, akaitazama noti ya kumi ya juu, akaiweka mfukoni peke yake, mbali na zile nyingine.

Mashine inafanya kazi. Nimefika saa ya 41 ya rekodi, nimeanza kutofautisha upepo wa kaskazi na sauti ya tanga. Wiki iliyopita mwenzangu wa darasa, anayefanya kazi ya picha za misikiti ya zamani, aliniomba orodha ya vifaa nilivyonunua ili naye anunue hivyohivyo. Nilimpigia picha ile karatasi nikamtumia. Akajibu baada ya dakika chache: "Hiyo ya kufunga, bado anapunguza?"

Nikamtumia namba ya fundi, nikamwambia amwulize mwenyewe, ila aanze kwa kumweleza anataka kuifanyia nini. Na kwamba kwenye mstari wa kwanza asifute herufi.